Simu ya kupangusa kwa mzee wa kijijini: tathmini ya miezi minane kutoka Mvumi

Nilinunua simu hii mara tu baada ya mavuno ya karanga, katika duka lililo hatua chache kutoka soko la Majengo, Dodoma mjini, kwa shilingi 230,000, na siku mbili baadaye nikaipeleka Mvumi kwa Mama. Ni simu janja ya Android ya bei ya chini: kioo cha inchi 6.6, hifadhi ya GB 64, RAM ya GB 3 na betri ya mAh 5,000. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu karibu yote nitakayoyasema, mazuri na mabaya, utayakuta katika simu nyingi za bei hiyo zilizopangwa kwenye makabati ya vioo ya maduka yetu, na anayemnunulia mzazi wake simu atanufaika zaidi akijua cha kuangalia kuliko akijua nilichonunua mimi.

Mama ana umri wa miaka 72. Analima karanga, uwele na alizeti, alijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, na hadi leo husoma kitabu cha nyimbo kanisani bila shida ilimradi herufi ziwe kubwa na akae penye mwanga. Kuandika ni habari nyingine: sijawahi kupokea ujumbe mfupi ulioandikwa na yeye tangu nianze kumiliki simu. Kwa miaka mingi alikuwa na simu ya kitochi aliyoitumia kupokea simu na kuangalia salio la pesa tu, na kila alipotaka kumpigia mtu alimwita mjukuu amtafutie jina. Tathmini nyingi za simu ninazozisoma huhesabu ubora wa kamera na kasi ya prosesa. Mimi nilikuwa na maswali mengine kabisa. Je, kidole kilichokomaa kwa jembe kitatambuliwa na kioo? Je, mtu ambaye hajawahi kuandika ujumbe anaweza kuzungumza na watoto wake wanne waliotawanyika Dodoma, Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam bila kumtegemea mtu wa kumbonyezea? Na je, simu yenyewe itamvumilia anapokosea?

Nianze na duka, kwa kuwa nililipenda. Muuzaji aliifungua boksi mbele yangu, akaweka laini, akabonyeza *#06# ili namba tambulishi ya simu ijitokeze, akanitaka nilinganishe namba hiyo na ile iliyoandikwa kwenye boksi kisha niitume kwenda 15090, namba ya kuhakiki kama simu ni halisi, kabla sijatoa hata shilingi moja. Wanaokumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu bandia na watu wakaamka na simu zisizoshika mtandao, wanajua kwa nini hatua hiyo ndogo ina thamani. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mzee mwenyewe yuko wapi, mbona hujaja naye aishike?" Nikamjibu kwamba yuko kijijini na safari ni ndefu. Leo ningempanga Mama kwenye gari la asubuhi na kumleta, kwa sababu simu ya inchi 6.6 ni pana kwa kiganja chake, na miezi yote hii anaishika kwa mikono miwili kama anavyoshika sahani ya ungo mdogo. Angeijaribu dukani, tungechukua ile nyembamba zaidi iliyokuwa pembeni yake.

Kosa la muuzaji huyo lilikuwa moja. Alinibandikia kinga ya kioo nene ya bei rahisi, akiniambia kwamba wazee huangusha simu. Ni kweli huangusha, lakini kinga ile ilipunguza wepesi wa kioo kuhisi mguso, na wiki tatu za mwanzo Mama aliamini kwamba simu haimtaki. Nilipoibandua na kuweka nyembamba, nusu ya malalamiko yake yaliisha siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza ya kufundisha, aliyekosea zaidi ni mimi. Tulikaa chini ya mkwaju ulio nyuma ya nyumba, nikamfundisha kwa saa mbili mfululizo: kupiga, kupokea, kupiga picha, kuwasha tochi, kufungua redio, kuwasha data, WhatsApp, kuongeza sauti. Mama alikuwa akiitikia kila kitu, nami nikachukulia kuitikia kwake kuwa ni kuelewa, ingawa nilipaswa kujua kwamba mzazi wa Kigogo huitikia maneno ya mwanawe ili asimkatishe tamaa. Niliporudi baada ya wiki mbili niliikuta simu imezimwa, imefungwa ndani ya kanga, iko chini kabisa ya sanduku la nguo. Nilipomuuliza alisema kwa upole, "Niliogopa kuiharibu, mwanangu. Kitu cha bei namna ile."

Maneno hayo yalinifanya nibadili mwenendo wote. Kwanza nilimwambia ukweli ambao hakuna aliyewahi kumwambia, kwamba hakuna kitufe cha simu hiyo kinachoweza kuivunja, na kwamba akipotea popote, kitufe cha kurudi nyumbani kilicho chini ya kioo kitamtoa. Tulitumia ziara nzima kwa jambo hilo moja: apotee kwa makusudi, kisha arudi. Alifungua asivyovijua, akaingia kwenye kalenda, kwenye kikokotoo, kwenye picha, na kila mara akajirudisha. Pili, nilijiwekea sharti kwamba mkono wangu hauigusi simu yake. Mtu akimbonyezea mzazi ili kuokoa muda, mzazi hujifunza kwamba kazi hiyo ni ya vijana. Nilikuwa nikimwonyesha kwa bua kavu la mtama, ambalo kioo hakilihisi hata likikigusa, na kidole kilichobonyeza kilikuwa chake daima. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kutoka kwangu, chukua bua hilo.

Kuhusu kidole chenyewe, hapa ndipo tathmini za kawaida zinapowaacha wazee wetu peke yao. Kioo cha simu ya kupangusa hakihisi msukumo. Huhisi badiliko dogo la umeme linalotokea ngozi inapokaribia, na ngozi kavu, nene, yenye sugu za jembe hulitoa badiliko hilo kwa udhaifu, wakati ukucha hautoi kabisa. Mama alikuwa akigusa kwa ncha ya ukucha, kama anayeokota mawe kwenye kunde, kioo kisipoitikia anakandamiza kwa nguvu na kwa muda mrefu, na kukandamiza kwa muda mrefu katika simu hizi ni amri nyingine kabisa: alama za programu huanza kusogea, hufutika kutoka mahali pake, au menyu isiyoeleweka hufunguka. Alikuwa akiadhibiwa kwa kuwa na mikono ya mkulima. Tiba ilikuwa na sehemu tatu. Alijifunza kulaza kidole na kutumia nyama ya kidole badala ya ncha. Alianza kupaka mafuta kidogo mikononi na kuyafuta kabla ya kushika simu, jambo linaloilainisha ngozi na kuirudishia unyevu. Nami niliingia kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, nikarefusha muda ambao simu husubiri kabla ya kuhesabu mguso kuwa ni wa kushikilia, nikauweka kwenye kiwango kirefu kuliko vyote. Nilishangaa kwamba hakuna mtu dukani aliyenitajia mpangilio huo, kwa maana umeleta nafuu kuliko kitu kingine chochote nilichokirekebisha.

Mipangilio mingine niliyoiona kuwa ya lazima nitaieleza kwa haraka. Lugha ya simu niliiweka Kiswahili. Maandishi niliyakuza, ila si hadi mwisho, kwa sababu yakikuzwa kupita kiasi maneno hukatika na vitufe vingine husukumwa nje ya kioo. Ukurasa wa kwanza niliuacha na alama nne tu, yaani kupiga simu, WhatsApp, redio na tochi, kisha nikaufunga ili zisihame. Majina ya watu niliyaweka na picha za nyuso zao, nami nikaziomba picha hizo ziwe za karibu, zenye kumwonyesha mtu mmoja, maana picha ya harusi yenye watu kumi haimsaidii anayetafuta uso wa binti yake. Kufungua simu kwa alama ya kidole kulishindikana, kwa kuwa mistari ya vidole vya Mama imelika kwa kazi, tatizo lilelile lililomsumbua wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole. Tuliweka namba ya siri ya tarakimu nne ambayo aliichagua mwenyewe na hajaisahau hata mara moja.

Sasa nifike kwenye jambo lililoifanya simu hii istahili fedha yake. Ni kitufe cha maikrofoni katika WhatsApp, kile kilicho upande wa kulia chini, ambacho ukikishikilia kinarekodi sauti yako na ukikiachia kinaituma. Ujumbe wa sauti umekuwepo katika WhatsApp tangu 2013 na vijana wengi huutumia kama njia ya wavivu wa kuandika. Kwa Mama ulikuwa mlango. Simu za sasa zinadhani kwamba mtu atakayezitumia ataandika, tena ataandika kwa lugha ambayo simu inaijua, ilhali Mama huwaza, huomba na kukaripia kwa Cigogo, lugha yetu Wagogo, na Kiswahili chake ni cha sokoni na cha ofisini. Katika maikrofoni hakuna anayemuuliza lugha. Anashika, anasema, anaachia.

Kushikilia bila kuachia kulichukua siku nne kujifunza. Tatizo halikuwa kumbukumbu, tatizo lilikuwa heshima: Mama hawezi kumwambia mtu jambo bila kumsalimu kwanza, kuuliza habari za watoto, za mvua na za majirani, na kabla hajafika kwenye jambo lenyewe kidole kilikuwa kimechoka na kuteleza. Nilipokea jumbe nyingi zenye neno moja tu, "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, kisha kimya. Nikamwonyesha kwamba akishakishika kitufe anaweza kukisukuma juu hadi kwenye alama ya kufuli, akaachia, na simu ikaendelea kurekodi mikono yake ikiwa huru, kisha akimaliza anabonyeza mshale wa kutuma. Siku aliyoielewa hiyo kufuli nilipata ujumbe wa dakika saba. Aliurekodi akiwa anabangua karanga, na sauti ya maganda yakipasuka inasikika nyuma ya maneno yake toka mwanzo hadi mwisho. Alinieleza kwa nini shamba la upande wa korongoni halikuzaa, nani amefiwa, mbuzi yupi amezaa na kwa nini nimpigie shangazi. Katika simu za kawaida tulizokuwa tukipigiana, zenye dakika za kuhesabu na mtandao wa kukatika, hatujawahi kuzungumza namna hiyo.

Mtandao wa kukatika wenyewe unastahili maneno. Nyumbani kwa Mama data inakuja na kwenda, na shambani haipo mpaka upande kwenye kichuguu. Simu ya kawaida hukatika ikikosa mtandao, lakini ujumbe wa sauti husubiri. Anarekodi popote, pembeni ya ujumbe inakaa alama ya saa ndogo, na akipanda kwenye kichuguu saa ile inageuka kuwa tiki moja, kisha mbili. Alama hizo hazikumwingia akilini kwa maelezo yangu. Zilimwingia alipogundua mwenyewe kwamba mpokeaji akishasikiliza, kile kimaikrofoni kidogo kilicho kwenye ujumbe hugeuka rangi ya bluu. Tangu siku hiyo hahitaji kuuliza kama ujumbe umefika. Aliniambia, "Kikiwa cha bluu najua umenisikia, hata kama hujanijibu." Nami, kwa kuwa najua anakiangalia, nimeacha tabia ya kuahirisha kumsikiliza hadi jioni.

Mara moja alibonyeza bila kujua kile kidude kinachoongeza kasi ya kusikiliza, na kwa wiki nzima alidhani kaka yangu wa Mwanza anaumwa kwa jinsi alivyokuwa akiongea mbiombio. Ikimtokea mzazi wako, angalia namba pembeni ya ujumbe: inapaswa kuwa 1, si 1.5 wala 2.

Simu za video amezipenda, ila hutumiwa kidogo. Zinahitaji mtandao wa nguvu, zinamaliza bando haraka, na mara nyingi tunaona paji la uso wake na paa la bati. Kinachofanya kazi zaidi ni picha, pamoja na jumbe zilezile za sauti. Wajukuu wa Dar es Salaam hawajui Cigogo, kwa hiyo yeye huwarekodia kwa Kiswahili cha taratibu kisha humalizia kwa sentensi moja ya Cigogo na kuwataka waikariri na kumrudishia. Mjukuu mmoja mwenye miaka tisa anafanya hivyo kila Jumapili. Huyo ndiye mwalimu mzuri kuliko sisi wote, kwa sababu na yeye anafundishwa.

Kuhusu pesa, nimefanya uamuzi ambao ndugu zangu wawili waliupinga na bado nauona ni sahihi: laini yenye pesa imebaki kwenye kitochi. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 ilijengwa kwa simu za vitufe, na hadi leo *150*00# hufanya kazi bila data, bila programu na bila kioo cha kupangusa. Mama anaujua mpangilio wa menyu ile kwa moyo, namba kwa namba. Kumhamishia kwenye programu kungemnyang'anya jambo analoliweza ili kumpa jambo analolihofia, na tena kungeweka akiba yake ndani ya simu ambayo wajukuu na majirani huiomba kuangalia picha. Kitochi kinakaa mfukoni mwa gauni, simu ya kupangusa inakaa mezani, na kila moja ina kazi yake.

Lakini matapeli hawachagui simu. Wiki ya pili ulimfikia ule ujumbe ambao karibu kila Mtanzania ameupata, unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii na kutaja jina litakalotokea. Kwa bahati alikuwa ameshaahidi kunitumia fedha ya mbegu za jirani, na maneno ya ujumbe yaliingiana vizuri mno na ahadi yake. Hakutuma, kwa kuwa wakala wa kijijini kwao alimshauri anipigie kwanza, na kwa mwanamke huyo nina deni la shukrani. Baada ya hapo tuliweka kanuni moja ya familia: hakuna fedha inayotoka bila sauti. Anayeomba, awe mimi au dada yangu, lazima atume ujumbe wa sauti kwa Cigogo na ataje jambo la nyumbani ambalo mtu wa nje halijui. Ujumbe wa kitapeli tunautuma kwenda 15040, namba ya TCRA, na kila baada ya miezi michache ninakaa naye tubonyeze *106# kuangalia ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa kuwa mzee mwenye alama za vidole zilizofifia huombwa kuweka kidole mara nyingi na si kila anayemwomba ana nia njema.

Kwenye WhatsApp yenyewe niliweka ulinzi wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya tarakimu sita inayodaiwa mtu anapojaribu kufungua akaunti yake kwenye simu nyingine. Niliweka pia kwamba watu walio kwenye orodha yake ya majina pekee ndio wanaoweza kumwingiza kwenye makundi, nikanyamazisha wapigaji wasiojulikana, na nikazima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Hilo la mwisho ni la bando na ni la hifadhi pia. Kabla ya kulizima, picha za maua zenye maandishi ya kutakiana asubuhi njema zilikuwa zimeanza kujaza simu kutoka kundi moja tu la kwaya.

Nije kwenye kasoro, ambazo si ndogo.

Chaji ni ya kwanza. Kitochi cha Mama hukaa siku tano au sita, na simu hii, pamoja na betri yake kubwa, hukaa siku moja na nusu. Umeme ukiwepo nyumbani hilo si shida, ila ukikatika siku mbili anapaswa kuipeleka kwenye kibanda chenye sola na kulipa shilingi 300, na kuiacha kwa saa kadhaa mahali asipoiona. Mzee anayeishi mbali na umeme nisingemnunulia simu hii bila kumnunulia na paneli ndogo ya sola. Kasoro ya pili ni mwanga wa kioo. Jua la Dodoma la saa saba mchana linakishinda kabisa, na Mama, ambaye jicho moja lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, haoni chochote akiwa nje. Nilizima urekebishaji wa mwanga unaojiendesha, nikauweka juu daima, na hilo likazidi kuila betri, kwa hiyo tatizo moja limelishwa kwa jingine.

Ya tatu inanikera zaidi ya zote. Simu ilikuja na programu zilizopachikwa na kiwanda ambazo huleta matangazo kwenye kioo hata kabla hujaifungua: mikopo ya haraka, michezo ya kubahatisha, habari za watu maarufu. Mtu aliyezoea hupangusa na kuendelea. Mama alikuwa akidhani kila tangazo ni ujumbe unaomhusu, akalifungua kwa adabu, na siku moja nilimkuta ameshajaza nusu ya fomu ya mkopo ambao hakuuomba, ikibaki namba ya kitambulisho. Nilitumia jioni nzima kuzizima moja baada ya nyingine, na mbili kati yake haziondoki, hunyamazishwa tu. Kampuni inayouza simu ya bei nafuu kwa wakulima na kuijaza mitego ya namna hiyo inawafanyia watu wetu jambo baya, na nalisema hili bila kulipunguza makali. Ukinunua simu ya aina hii, usimkabidhi mzazi siku hiyohiyo. Kaa nayo siku tatu, ione kila inachokirusha kwenye kioo, uzime.

Ya nne ilitokea katika mwezi wa tano tangu niinunue. Programu ya kupigia simu ilijisasisha usiku, na asubuhi namna ya kupokea simu ilikuwa imebadilika: palipokuwa pa kupangusa juu pamekuwa pa kubonyeza. Mama alikosa simu zangu sita siku hiyo, na mwisho akanitumia ujumbe wa sauti akisema kwa unyonge kwamba amesahau tena, kwamba uzee umemwingia kichwani. Hakuwa amesahau kitu. Kilichobadilika kilikuwa simu, si yeye, na ilinichukua muda kumwaminisha. Siku ya Jumamosi nilikwenda, nikaingia Play Store, nikafungua programu hiyo na kuzima usasishaji wake wa kujiendesha, huku nikiuacha usasishaji wa usalama wa simu yenyewe uendelee, kwa kuwa huo una kazi ya kuzuia wezi. Kwa mzee, mahali pa kitu ndio jina lake. Ukikihamisha kitufe umelifuta neno alilolisoma.

Kwa nani basi ninaipendekeza? Mzazi anayesikia vizuri, mwenye watu wa kuzungumza nao walio mbali, na mwenye angalau mtoto au mjukuu mmoja anayeweza kufika mara mbili kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo, ataifaidi. Mzazi ambaye hana mtu wa kumtembelea, simu hii itaishia sandukuni kama ilivyoishia kwa Mama wiki zile mbili, na ni afadhali kitochi kizuri chenye vitufe vikubwa. Mama mdogo, anayeishi Bahi, ameomba ya kwake, na safari hii nitampitia, twende naye hadi Majengo, aishike kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo sikulifikiria wakati wa kununua. Jumbe za sauti za Mama zimefika mia mbili na zaidi kwenye simu yangu. Ndani yake kuna maelezo ya jinsi ya kutambua mbegu ya uwele iliyoliwa na wadudu, majina ya mababu wa pande zote mbili, namna ya kutengeneza mlenda wa kukausha, na jinsi bibi yangu alivyovuka mwaka wa njaa, yote kwa Cigogo cha mtu aliyezaliwa nacho. WhatsApp huhifadhi nakala kwenye akaunti ya Google, ambayo bila malipo ina nafasi ya GB 15 inayogawanywa na barua pepe na picha, na ikijaa nakala mpya hazihifadhiwi. Kwa hiyo kila Ijumaa usiku nazitoa jumbe za wiki hiyo kwenye simu, naziweka kwenye kompyuta na kwenye flashi moja aliyonayo dada yangu Mbeya, na kila faili nalipa tarehe na neno moja la kilichozungumzwa. La wiki hii nimeliandika "korongoni". Mama amebadili mawazo, msimu ujao atapanda mtama kule badala ya karanga, na amenieleza sababu kwa dakika kumi na moja.